Kwa Nini Radi Moja Huua Wengi

Oktoba 2018, wanafunzi 6 wa Shule ya Msingi Emaco Vision mkoani Geita walipoteza maisha kwa radi. Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya wilayani Kiryandongo, Uganda. Kila msiba wa aina hii unapotokea, wapo wanaouliza ni nani aliyeituma. Swali lenye faida ni jingine: imekuwaje radi moja iwafikie watoto wengi waliokuwa chini ya paa?

Tuanzie mawinguni. Kuzunguka Ziwa Victoria, hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa kasi hadi kimo cha kilomita 10 na zaidi, ambako maji huganda. Ndani ya wingu, chembe nyepesi za barafu hugongana na punje nzito. Chembe hupata chaji chanya na kupeperushwa juu. Punje hubaki na chaji hasi chini yake. Chaji ikilimbikizana kupita uwezo wa hewa kuizuia, umeme hupasua njia hadi ardhini. Njia hiyo nyembamba hufikia nyuzijoto 30,000 hivi za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hutanuka ghafla, na mshindo wake ndio ngurumo.

Sauti huchukua takriban sekunde 3 kusafiri kilomita moja. Ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi imepiga ndani ya kilomita 10, nayo ijayo yaweza kukufikia hata kama kwako mvua haijaanza.

Radi ikipiga mti, umeme huweza kuruka kutoka kwenye shina hadi kwa aliyejikinga chini yake. Uliobaki husambaa ardhini huku volteji ikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliyetanua miguu huwa amekanyaga sehemu mbili zenye volteji tofauti, na umeme hupanda mguu mmoja ukashukia mwingine. Kwa ng'ombe ni vibaya zaidi: miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, hivyo umeme hupita kifuani penye moyo. Ndiyo maana mfugaji huweza kukuta mizoga kadhaa chini ya mti mmoja.

Darasani mambo hayatofautiani sana. Paa la bati lisilounganishwa na ardhi kwa chuma haliupi umeme njia ya kushukia, kwa hiyo hupita ukutani, kwenye nondo za madirisha, sakafuni na katika miili ya watoto.

Ukisikia ngurumo, ingia kwenye jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, au gari lenye bodi ya chuma na ufunge vioo. Nyumba ya nyasi, pikipiki na bajaji si kinga. Ndani, kaa mbali na kuta, mabomba na simu iliyo kwenye chaji. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kufunika vioo, kuvua nguo nyekundu au kuvaa kandambili hakuzuii chochote. Mkikutwa shambani, ondokeni chini ya miti na mtawanyike.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu. Kama hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada. Wengi wa wanaokufa hufa kwa sababu moyo umesimama, na wapo wanaoweza kuokolewa.

Shule zinahitaji mitego ya radi: fimbo za chuma juu ya paa, waya mnene unaoshuka nje ya ukuta, na vyuma vilivyozikwa ardhini, vyote vikifungwa na fundi mwenye ujuzi huo. Kamati ya shule inapopanga bajeti ya darasa jipya, mtego wa radi uandikwe pamoja na saruji na mabati.