Mama aliyechovya nguo rangi

Michaela DePrince alizaliwa Sierra Leone mwaka 1995. Vita vikamwacha yatima. Kwenye kituo cha yatima aliokota picha ya mcheza baleti, ile densi ya kusimama juu ya ncha za vidole, akaitunza. Mwaka 1999 familia ya Marekani ikamchukua.

Mama mlezi, Elaine, akamwandikisha shule ya densi. Hapo ndipo kazi ilianza. Akiwa na miaka 8, binti alinyimwa nafasi kwenye onyesho, akaambiwa Marekani haiko tayari kwa msichana mweusi. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja akamwambia mama kwamba wasichana weusi si wa kupotezea pesa, wananenepa tu. Hebu fikiria, mzazi anaambiwa hivyo! Hapa kambini baleti hatuna, lakini mtoto wa kwaya au wa mpira naye anavunjwa moyo vilevile, mara nyingine na sisi wa nyumbani.

Elaine hakumtoa binti. Nguo za kuchezea zilikuwa na mikanda ya rangi ya ngozi ya kizungu, basi yeye akaichovya rangi ya kahawia mpaka ikafanana na ngozi ya mwanawe. Kazi ya sufuria na maji, lakini mtoto aliiona.

Mwaka 2010, kwenye mashindano New York, Michaela alipata ufadhili wa masomo. Mwaka 2013 akaajiriwa na kundi la taifa la baleti, Uholanzi. Alifariki Septemba 2024 akiwa na miaka 29. Mama alifariki siku iliyofuata.