Wanaoongezewa damu mara kwa mara hukabiliwa na ziada ya chuma

MTOTO akionekana amepauka, ushauri wa kwanza wa majirani huwa ni dawa ya kuongeza damu. Kwa mtoto mwenye thalasemia anayeishi kwa damu ya kuongezewa, ushauri huo ni wa hatari, kwani chuma mwilini mwake hakijapungua bali kimezidi.

Thalasemia ni maradhi ya kurithi ambayo huufanya mwili ushindwe kutengeneza himoglobini ya kutosha. Kisiwani Cyprus, ambako yameenea sana, takriban mtu mmoja kati ya saba ana vinasaba vyake. Aliyerithi aina kali kwa wazazi wote wawili huhitaji damu kila baada ya wiki mbili hadi tano, maisha yake yote.

Kila uniti ya damu ina miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili wenye afya hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku kutoka katika chakula, na hauna njia ya kutoa ziada. Chuma hicho hulundikana katika ini, tezi na moyo, na ni moyo ulioshindwa kazi ambao umewaua wengi wa wagonjwa hawa wakiwa bado vijana.

Dawa ya kukiondoa, deferoksamini, ilianza kutumika miaka ya 1960. Huingizwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku tano au zaidi kila wiki. Si ajabu vijana wengi waliichoka. Vidonge vya deferasiroksi viliidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Lisilozungumzwa sana ni kwamba dawa hizo, hasa deferiproni, zaweza kuondoa zinki pamoja na chuma. Mtoto aliyepungukiwa zinki hudumaa, na vidonda vyake huchelewa kupona. Aidha, chuma kikiharibu tezi ndogo za shingoni zinazosimamia kalsiamu, madini hayo hushuka, na mgonjwa huweza kukakamaa misuli au hata kupata degedege. Kupima feritini pekee, kipimo cha akiba ya chuma, hakutoshi.

Wagonjwa wa selimundu wanaoongezewa damu mara kwa mara nao hulundikiwa chuma. Kwa kawaida vidonge wanavyopewa kusaidia utengenezaji wa damu ni vya asidi ya foliki. Vya chuma hutolewa tu pale vipimo vinapothibitisha upungufu.