Nani Aliyetengeneza Kompyuta Ndogo ya Kwanza? Kweli na Uongo

Ni Apple. Uongo, na unamnyima mtu haki yake. Apple ilianzishwa 1976. Tangu 1973 kampuni ndogo ya Ufaransa, R2E, ilikuwa ikiuza Micral N, kompyuta iliyojengwa juu ya chipu ya Intel 8008. Aliyeibuni ni mhandisi François Gernelle. Mteja alikuwa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo, iliyohitaji chombo cha kufuatilia maji yanayopotea kwa mvuke kutoka ardhini na kwenye mimea. Mashine zilizokuwa sokoni ziliishinda bajeti ya watafiti. Micral N ikauzwa faranga 8,500. Basi kompyuta hii ilizaliwa kwa haja ya shamba, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita kimya. Na kwa miaka mingi sifa alipewa mkuu wa kampuni, André Truong, hadi Gernelle alipoipata haki yake mahakamani.

Chipu ya Intel 4004 ilibuniwa kwa ajili ya kompyuta. Uongo. Ilitokana na oda ya Busicom, kampuni ya Japani iliyotengeneza vikokotoo. Ilitoka 1971 ikiwa na transista 2,300. Pamoja na wahandisi wa Intel Federico Faggin, Ted Hoff na Stan Mazor, mtaje pia Masatoshi Shima, mhandisi wa Busicom aliyeshiriki kuisanifu.

Altair 8800 haikuwa na kibodi wala skrini. Kweli tupu. Jarida la *Popular Electronics* liliitangaza katika toleo la Januari 1975. Mnunuzi aliletewa vipande kutoka MITS, kampuni ya Ed Roberts mjini Albuquerque, akaviunganisha mwenyewe. Aliingiza programu kwa kupandisha na kushusha swichi, na jibu akalisoma kwenye taa ndogo zilizowaka na kuzima. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256, haitoshi hata kuhifadhi aya hii. Hata hivyo oda zilimiminika, na vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakaiandikia lugha ya BASIC.

Kompyuta ya Apple ilibuniwa gerejini. Uongo. Steve Wozniak mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Apple, amesema kwamba kazi ya usanifu haikufanyika pale.

IBM ndiyo iliyoanzisha biashara ya kompyuta za nyumbani. Uongo. Apple II, Commodore PET na TRS-80 zilikuwa madukani tangu 1977. IBM ilileta PC yake Agosti 1981.