Chumvi ya Mbweni na waya wa nyuma ya kabati

Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini mwa Afrika, na Tanzania nzima ikaona intaneti ikikokota. Tangu hapo imekuwa rahisi kuituhumu bahari kila ukurasa unapogoma kufunguka. Wenye nyumba wa Mbweni nawasihi waanze karibu zaidi. Bahari inayowasumbua mara nyingi ni ile wanayoiona dirishani, nayo huingia ndani kwa chumvi yake.

Mawimbi ya wai-fai yakishapita kuta mbili za matofali ya saruji huwa hoi, ndiyo maana watu huvuta waya kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mwisho, au banda la uani. Waya huo hukaa katika hewa ileile inayokula bawaba na mabati. Meno ya kichwa chake hupakwa dhahabu, lakini utando ni mwembamba mno; ukichubuka kwa kuchomekwa na kuchomolewa, kutu ya kijani huota.

Kabla ya kumpigia mtu simu, tazama taa ya tundu ulipochomeka waya. Ikiwa haiwaki, jaribu waya mwengine mfupi unaojua ni mzima. Kompyuta ikionesha anwani inayoanza na 169.254, imejipangia yenyewe kwa kuwa ruta haikuijibu. Ubovu bado umo nyumbani mwako. Ukurasa wa ruta ukifunguka huku tovuti zote zikigoma, hapo sasa ipigie kampuni ya intaneti.

Ubovu unaoniuma zaidi ni ule usiokata kabisa. Waya una nyuzi nane, jozi nne. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu. Ya 1,000 huzitaka zote nne. Uzi mmoja wa zile jozi mbili za ziada, kama wa kahawia, ukikatika, mara nyingi vifaa hushuka kimya hadi 100, na mwenye nyumba akaendelea kulipia kasi asiyoipata. Testa, kifaa cha kupimia waya, nayo yaweza kupotosha. Fundi akizipanga jozi moja baada ya nyengine, ncha zote mbili sawasawa, taa nane zitawaka vizuri. Lakini nafasi ya 3 na ya 6 za kichwa lazima zishikwe na jozi moja. Zikitenganishwa, mawimbi ya jozi moja huvuja kwenye nyengine na waya mrefu hukwama. Mpangilio uliozoeleka ni mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia.

Halafu kuna waya wa alumini uliopakwa shaba. Bei yake inavutia, ila hukatika ukikunjwa, na penye chumvi alumini yake huliwa haraka pale inapogusana na shaba. Kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe, uache dukani. Nunua wa shaba tupu, wenye ganda la kuhimili jua kwa sehemu ya nje, na usivuke mita 100. Kabla haujaingia ukutani, uteremshe kidogo kisha uupandishe, maji ya masika yadondoke hapo yasiufuate hadi ndani. Kila ncha iachie dhiraa moja ya ziada, ili kutu ikiila fundi aikate na kubana kichwa kipya bila kuvuta waya upya nyumba nzima.