Dawa ya Sonona na Wiki za Kungoja

Bahasha ya dawa imeandikwa "1 × 1 usiku": kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Ndani mna amitriptilini, dawa ya sonona inayotolewa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kinachonitia wasiwasi ni wale wanaoiacha kabla haijaanza kuwasaidia.

Usumbufu wake hutangulia. Siku za kwanza tu mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, na asubuhi kichwa ni kizito. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Kwa sababu ya usumbufu huo, daktari huanza na dozi ndogo akaipandisha polepole. Usijiongezee mwenyewe.

Ikiwa unatoka Kitengela alfajiri kwenda kazini kwenye viwanda vya EPZ, Athi River, au kuwahi matatu ya Nairobi, usimeze kidonge saa tano usiku. Muulize daktari kama saa mbili inakufaa, ili usingizi uwe umekwisha ukiamka. Usishike usukani wala bodaboda mpaka ujue dawa inavyokufanya. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, maana ukisimama ghafla presha inaweza kushuka uanguke. Na kwa anayechunga mifugo kwenye mbuga kavu za Kajiado: dawa hii hupunguza jasho, hivyo jua linaweza kukudhuru upesi. Tafuta kivuli, beba maji.

Pombe iache kabisa. Kwenye duka la dawa, taja amitriptilini kabla hujauziwa chochote, hasa tramadoli ya maumivu au dawa ya malaria ya artemeta na lumefantrini, ambayo nayo hugusa mapigo ya moyo. Supu ya mizizi na miti shamba pia itaje kwa daktari, hakuna aibu.

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, ina utaratibu wake: kwa kawaida humezwa asubuhi. Ukisahau dozi ya yoyote kati ya hizi mbili, usimeze mbili kwa mpigo kesho yake.

Amitriptilini ikizidi huweza kusimamisha moyo. Ni vyema jamaa unayemwamini aitunze, mbali na watoto, na uombe ya siku chache kwa wakati mmoja. Wasiofika miaka 25 waangaliwe kwa karibu mwanzoni na kila dozi inapobadilishwa. Tangu 2004 Marekani huzitaka dawa za sonona ziwe na onyo kuhusu mawazo ya kujiua kwa vijana. Mawazo hayo yakikujia, mwambie mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba.

Ukishapona, endelea na dawa miezi sita au zaidi, kisha daktari aipunguze kidogo kidogo. Kuikata ghafla huleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa hiyo rudi kliniki vidonge vikiwa bado vimebaki vya wiki moja, na ukisafiri kwenda mashambani, beba vya kutosha.