Baada ya Ubatizo: Jinsi Akuavyo Mkristo Mpya

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kila afundishaye darasa la ubatizo amelitazama kwa macho yake. Siku ya ubatizo kanisa hujaa hata watu husimama nje penye madirisha. Wazee kwa vijana huvaa nguo safi, na nyimbo husikika ng'ambo ya bonde. Lakini ikiisha kupita miezi sita, tukiwahesabu wale waliobatizwa, twaona wengine hawapo. Hawakufa, wala hawakuhama. Wapo majumbani mwao na mashambani mwao, ila mioyo yao imepoa. Basi twajiuliza, Je, mtu huyu alipotelea wapi?

Wengi hujibu upesi wakisema, "Hakuamini kweli." Huenda ikawa hivyo kwa mmoja au wawili. Lakini sisi twaona ya kwamba mara nyingi sababu ni nyingine: mtu huyu alidhani ubatizo ni mwisho wa safari, kumbe ni mlango wa kuingilia njiani.

Sisi watu wa Ileje, tukaao katika vilima vya Itumba na Isoko, twaifahamu kazi ya kahawa. Mbegu huoteshwa kitaluni chini ya kivuli. Mche ukipata nguvu, kivuli hupunguzwa kidogo kidogo ili uzoee jua. Kisha hupandwa shambani mvua zinapoanza, maana mizizi yataka muda wa kushika ardhi kabla ya kiangazi. Na hata ukiisha kushika, mwenye shamba hatazamii mavuno mwaka ule ule. Hungoja kama miaka mitatu, na katika miaka hiyo hupalilia, huweka samadi na matandazo, na kuangalia wadudu. Hapana mkulima mwenye akili apandaye mche, akaenda zake, akarudi baada ya miaka mitatu na kikapu mkononi.

Darasa la ubatizo ni kitalu. Mle ndani mna kivuli: mwalimu yupo, wenzako wapo, siku ya mafundisho yajulikana. Mtu akiisha kubatizwa, kivuli huondolewa. Na kwa kuwa wengi hubatizwa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa karibu kukoma, twaweza kusema ya kwamba hupandwa mlangoni mwa kiangazi. Kwa hiyo yatupasa kujua kiangazi hicho kina jua la namna gani, na maji yapatikana wapi.

Jua la kwanza ni ugonjwa wa mtoto. Mtoto ashikwapo na degedege usiku, akakaza viungo na kugeuza macho, ndugu hukusanyika na kusema, "Huu si ugonjwa wa hospitali, ni mambo ya wazee. Twende kwa mganga akatazame." Hapo ndipo baba na mama hupimwa. Wakikataa huambiwa ya kwamba hawampendi mtoto wao. Wapenzi, sikieni vema. Degedege huja kwa sababu ya homa kali, na mara nyingi homa hiyo ni ya malaria, au ni ugonjwa mwingine ambao waganga wa hospitali waujua na wana dawa yake. Mlazeni mtoto ubavu, msimtie kitu kinywani, kisha mchukueni hospitali pasipo kukawia, iwe Isoko au iwe Itumba. Ombeni njiani mkienda. Mtu asiseme ya kwamba kutumia dawa ni upungufu wa imani, maana Mungu aliyeumba majani na miti ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa. Upungufu wa imani ni kumwacha Yeye na kwenda kuuliza kwa ramli ni jirani gani aliyeroga. Na ramli ina hasara nyingine: hata mtoto akipona, nyumba mbili zimekwisha kuwa adui.

Jua la pili ni pombe ya kazi. Desturi ya kulimiana ni desturi njema, wala Kanisa halikuja kuivunja. Lakini kazi ikiisha, chungu cha pombe ya ulezi huwekwa katikati, na Mkristo mpya huona haya kuondoka. Wengine, kwa kuikimbia pombe, huacha kwenda kulima pamoja na jirani zao. Nao huitwa watu wa kiburi, tena kwa haki. Njia iliyo bora ni hii: nenda mapema kuliko wote, lima mstari wako hata mwisho, msaidie na mzee aliyechoka, kisha uage kwa heshima. Na siku ya shamba lako, mkeo apike chakula kingi, ugali na maharage na togwa, watu washibe. Mtu aliyelima kwa bidii hawezi kuitwa mwenye kiburi kwa sababu hakunywa. Jembe lake limekwisha kumshuhudia.

Jua la tatu ni soko. Watu wetu wengi huuza mahindi, maharage na kahawa. Wengine huvuka mpaka wa Isongole, wengine huenda na bidhaa zao hata Tunduma. Huko mtu husikia ya kwamba asiyepunja hapati faida. Anunuaye hutaka gunia lifungwe lumbesa, naye auzaye hutia maharage mabovu chini na mazuri juu. Mkristo mpya husema, "Hiyo ndiyo biashara, mambo ya kanisani ni Jumapili." Neno hilo ni mchwa. Mtu akiisha kuigawa roho yake, sehemu moja ya Jumapili na sehemu moja ya siku ya soko, siku ya soko itashinda, kwa maana siku za kazi ni sita na Jumapili ni moja. Yafaa mtu ajue tangu mwanzo ya kwamba mizani yake ni sehemu ya ibada yake.

Tumekwisha kulitaja jua. Sasa na tuyatafute maji.

Maji ya kwanza ni Neno la kila siku nyumbani. Katika mji wa Herrnhut, huko Ujerumani, ulioanza kujengwa mwaka 1722, wazee wetu wa Kanisa la Moravian walikuwa watu maskini waliokimbia mateso. Mwaka 1728 bwana wao, Zinzendorf, alianza kuwapa neno moja la kuwaongoza kwa siku moja, nalo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa katika kitabu kimoja, na kitabu hicho huchapwa kila mwaka hata leo, kwa lugha nyingi. Angalieni hekima yake: hawakupewa sura kumi, walipewa neno moja. Mkristo mpya akitaka kusoma mengi kwa siku moja huchoka, akaacha. Soma machache, kisha uwaulize watu wa nyumbani, "Neno hili latuagiza tufanye nini leo?" Na asiyejua kusoma asione haya. Mtoto wa shule asome, baba na mama wasikilize. Hivyo mtoto naye hukua pamoja nao.

Maji ya pili ni sala pamoja na wenzako. Mji ule ule wa Herrnhut, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 walipatana kushika zamu za sala, kila mtu saa yake, ili sala isikome mchana wala usiku. Na zamu hizo zikaendelea zaidi ya miaka 100. Hawakuwa malaika, kabla ya hapo walikuwa wamegombana sana wao kwa wao. Walipopatana ndipo walipoweza kuomba. Basi na sisi, tukiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba au wa mbuzi aliyekula mahindi, tusingoje ugomvi uoze moyoni. Twende kwa jirani kabla ya jua kuchwa. Aombaye peke yake huku ana kisasi moyoni ni kama mtu achotaye maji kwa kikapu.

Maji ya tatu ni kazi. Wajumbe wa kwanza waliotumwa kutoka Herrnhut mwaka 1732 kwenda kisiwa cha St. Thomas, kuwahubiri watumwa, walikuwa Leonard Dober na David Nitschmann. Mmoja alikuwa mfinyanzi, na wa pili seremala. Hawakungoja kuwa wanazuoni kwanza. Kila Mkristo ana kitu awezacho kufanya: mmoja hufagia kanisa, mwingine huimba, mwingine humletea mjane kuni. Imani isiyofanya kazi yoyote hupoteza nguvu, kama mkono uliofungwa kwa kitambaa siku nyingi.

Tena pana habari ya nchi yetu wenyewe, ambayo vijana wengi hawaijui. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1900 wakafungua kituo cha Isoko katika Undali. Mwaka 1916, vita kuu ya kwanza ilipofika huku, majeshi ya Waingereza yaliivuka Songwe, na wamisionari Wajerumani wakachukuliwa kuwa wafungwa. Tangu Injili ihubiriwe Isoko ilikuwa miaka 16 tu. Wengi wa Wakristo wale walikuwa wapya, kama ninyi. Watu wangeweza kudhani ya kwamba mzungu akiondoka, na dini yake imeondoka. Haikuwa hivyo. Walimu Waafrika na wazee wa makanisa walishika kazi. Walikusanya watu, wakafundisha, wakaomba. Baadaye wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia wakaja kuwasaidia, na Wamoravian wenyewe hawakurudi hata yapata mwaka 1925 na 1926. Katika miaka hiyo yote Kanisa halikuzimika.

Twajifunza nini? Kivuli kiliondolewa kwa siku moja, na miche ikasimama. Ilisimama kwa sababu mizizi ilikuwa imekwisha kuingia majumbani, wala haikuwa imeshikamana na mtu mmoja wa kuwaongoza. Basi mtu ajipime: Je, mwalimu wetu akihamishwa kesho, sala itaendelea nyumbani kwangu?

Kwa mama aliyebatizwa na mume wake bado, twasema, Dada yetu, usimshinde mumeo kwa maneno. Fanya kazi za nyumba kwa moyo mweupe, ushike saa ya sala yako, wala usiwafiche watoto jina la Yesu. Kwa wazee wa ushirika twasema, Mkristo mpya asipoonekana Jumapili mbili, msingoje ya tatu. Mwendeeni nyumbani, si kwa kumkaripia, bali mketi naye, mle naye, mwulize habari za watoto na shamba. Mara nyingi mtu aliyepotea hangojei hotuba, bali hungoja mgeni.

Na kwako wewe uliyebatizwa mwaka huu: usihuzunike ukijiona u mdogo. Bwana wetu alifundisha, kama alivyoandika Marko katika sura ya 4, ya kwamba shamba huota hatua kwa hatua, na mkulima hulala na kuamka asijue ni jinsi gani. Hasira yako ya jana ikiwa imepungua kidogo leo, hayo ni makuzi. Ukimrudishia jirani fedha yake kabla hajaidai, hayo ni makuzi. Ukianguka, inuka siku ile ile, ukamwambie Mungu, na ukamwambie mwenzako akuombee. Maana aangukaye akalala pale pale ndiye apoteaye.

Kiangazi kitakuja, lakini mvua nazo zitarudi. Mungu na awabariki ninyi nyote pamoja na watu wa nyumba zenu.