Upinde wa Roda na Nyama ya Halali

Baadhi ya vijana wetu walioko Marekani hutuuliza juu ya upinde wa kuwindia. Nyama ya kulungu wa huko waitamani, na wakishika kibali sheria zawaruhusu kuwinda. (Sisi wa huku hatuna nafasi hiyo: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania hapawindwi bila ya leseni.) Wanaloulizia khasa ni ule upinde mfupi wenye roda, wauchague vipi.

Upinde huo si wa kale. Aliyeubuni ni Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1966 akaipata mwaka 1969. Kila baharia aijua faida ya kapi: kamba hupita juu ya roda, na foromali nzito ikapanda kwa nguvu za watu wachache. Allen alitia roda katika ncha mbili za upinde, walakini mhimili wa roda zake haukukaa katikati. Kwa hiyo mvutaji hukuta uzito mkubwa njiani, na upote ukikaribia shavu mzigo hupungua. Upinde wa ratili 50 unaopunguza 80 katika 100 humwachia ratili 10 tu za kuzuia, akaweza kutulia na kulenga.

Kutulia huko ndiko tunakokutaka, kwani kuna hukumu juu yake. Adiy bin Hatim (R.A.) alimwuliza Bwana Mtume (S.A.W.) juu ya kuwinda kwa mshale usio na manyoya, akafundishwa kwamba mnyama aliyepigwa kwa ukali wake huliwa, na aliyeuawa kwa pigo la ubavu wake haliwi, maana huyo amekufa kwa kishindo. Basi chembe butu yaweza kuharamisha chungu kizima. Na mnyama aliyejeruhiwa vibaya akakimbia, akaonekana kesho yake amekufa, wanachuoni wamekhitilafiana juu yake. Akiokotwa majini amezama, asiliwe. Akikutwa yu hai, achinjwe.

Kijana akiingia dukani hutamani ratili 70 apate kuwatambia wenziwe. Twamwambia: keti juu ya kiti, elekeza upinde kwenye shabaha, uvute polepole bila ya kuuinua juu. Ukishindwa, punguza. Majimbo kadhaa yaridhika na ratili 40 kwa kulungu, na pinde nyingi za leo zina skrubu za kupunguza na kuongeza. Mwenye kuhangaika na upinde wake hutetemeka, na mshale wake ukampiga mnyama tumboni badala ya kifuani. Adhabu ya mnyama huyo ataulizwa nani?

Urefu wa kuvuta ni wa kila mtu na mwili wake. Nyosha mikono yote miwili, upimwe toka ncha ya kidole hata ncha ya kidole, kisha ugawe kwa 2.5. Mwenye inchi 70 huvuta kiasi cha inchi 28.

Ama ufupi, hupimwa toka mhimili wa roda ya juu hata wa chini. Upinde wa inchi 28 au 30 haukwami vichakani, tena wamfaa anayevizia juu ya mti au ndani ya kibanda. Lakini ufupi una bei yake: upote hujikunja kwa pembe kali usoni, na kosa dogo la mkono huonekana zaidi kwenye shabaha. Mwenye mikono mirefu aongeze inchi mbili tatu, wala asione haya.

Bismillahi husomwa mshale unapoachiwa. Kwetu sisi Mashafi na sunna, na kwa madhehebu mengine ni wajibu, basi kijana asiiache.

Anayenunua upinde uliokwisha kutumika atazame kamba zake kama zimechanika, na mikono yake kama ina ufa. Wala asiuachie upote mtupu, bila ya mshale, hata kwa kujaribu: nguvu zote hurudi ndani ya upinde, na waweza kupasuka mkononi.